Daftari la Wanaokohoa

Kabla hajavaa abakosi, ile suti ya Chama isiyotaka tai, Constantin Kalenga alikuwa mtu wa jikoni. Alikaa kwenye kigoda kwa Victorine, akamega bukari, akachovya kwenye mchuzi wa samaki mkavu wa Pweto, akalamba vidole mpaka kiganjani, na mdomo ungali umejaa akasema, "Komeri, siye bantu ya kule juu, tusipobebana, nani atatubeba?"

Victorine hakusahau. Wengine Mungu aliwapa sura, yeye alimpa kichwa kisichomwaga kitu.

Alikuwa komeri wake kweli, si kwa mdomo tu. Mwaka ule Chama kilipokataza majina ya ubatizo, mke wa Kalenga alikuwa amejifungua binti. Kalenga alitaka mtoto abatizwe na aliogopa kuonekana kanisani. Padri aliletwa jikoni kwa Victorine mchana kweupe, amevaa shati la fundi bomba, pazia likashushwa, na maji yakamwagwa kutoka kwenye kikombe cha chai. Aliyembeba mtoto, akawa mama yake wa ubatizo, ni Victorine. Akabatizwa Marie-Thérèse. Kwenye karatasi za serikali mtoto aliitwa Mumba, na jina lile jingine likabaki jikoni, pamoja na masizi.

Kazini pia ni Victorine aliyempandisha. Ferme Matendo, shamba walilofanyia kazi wote wawili, ilipotakiwa kuchagua delege wa wafanyakazi, watu walimtaka mzee Mukuka. Victorine alizunguka nyumba kwa nyumba, jua la saa nane likimchoma utosi, akiwaambia Mukuka ni mtu wa heri lakini hajui Kifaransa, na ofisi haijui lugha nyingine. Kalenga akashinda. Wiki ya pili akashonesha abakosi.

Ferme yenyewe ilizaliwa na njaa. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, malori ya mbolea yakakoma kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, na wakubwa wakasema mji utalima kwa takataka zake wenyewe. Basi huku pembeni mwa mtaa wa Annexe, kati ya viwanja vya muhogo na nyumba za matofali mabichi, yakamwagwa maganda ya mahindi, machicha ya pombe, samadi ya kuku, mboga zilizooza za soko. Malundo marefu kama mabehewa ya treni. Watu mia moja waliajiriwa kuyageuza kwa uma na sepetu mpaka yawe mbolea.

Victorine alikuwa kapita wa wanawake, ndiye aliyewapanga kazini. Asubuhi alichoma lundo kwa nondo, akaichomoa, akaigusisha nyuma ya mkono. Ikiunguza, lundo limeiva. Hapo alipaza sauti, na uma zikaingia. Lundo likipasuliwa lilitoa mvuke, na ndani ya mvuke vumbi jeupe, laini kuliko unga wa muhogo. Wanawake waliliita bunga. Walilipenda. Bunga nyingi, mbolea nzuri, ndivyo walivyosema, na mbolea ikikauka waliipepeta kwa lungo kama mahindi ya nyumbani, wakiimba, vumbi likiwapanda kwenye nyusi mpaka wote wakafanana na bibi zao.

Alhamisi kila mtu alipewa nusu lita ya maziwa. Desturi hiyo ilitoka kwenye matanuru ya shaba. Baba yake Victorine, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini, alikuwa akisema maziwa yanafua kifua. Nani angebisha? Walikunywa palepale getini, wakapangusa midomo, wakarudi kwenye bunga.

Jioni homa ilikuja. Mtu alitoka kazini mzima, akaoga, akakaa kula, na jua likizama meno yakaanza kugongana. Mifupa ikamuuma, kifua kikabana kama kimefungwa kitenge kilicholowa. Alimeza vidonge vya Nivaquine, akalala. Asubuhi mzima tena. Malaria, wakasema. Hapa nani hana malaria?

Kiangazi cha kwanza kilipita hivyo. Cha pili, wapo ambao asubuhi haikuwaponya. Wa kwanza alikuwa Virginie, mdogo wake Victorine, tumbo moja. Huyu alikuwa akibeba beseni la unga kutoka sokoni bila kulishika, mikono ikining'inia, akiimba sauti ya juu ya kwaya. Sasa kati ya pampu na mlango wake alitua ndoo mara tatu.

"Ni uzee," Victorine alimtania mdogo wake.

"Uzee ya miaka makumi tatu, yaya? Basi weye ulishakufa, tunakuzika tu kesho."

Walicheka. Kicheko kikamgeukia Virginie kikohozi, na kikohozi hakikumwachia mpaka alipoinama akashika magoti. Victorine aliacha kucheka.

Kusoma na kuandika alikuwa amejifunza kwa masista, akiwa na mimba ya tatu. Alinunua daftari la kurasa sitini na nne na kuanza kuandika: siku, lundo, nani aligeuza, nani alitetemeka jioni. Alianza na damu yake, Virginie mstari wa kwanza, kisha wengine. Hakuwa na haja ya kuelewa, alitaka tu kukumbuka. Lakini baada ya miezi miwili daftari lenyewe likaanza kusema. Jumapili hakuna aliyetetemeka. Siku ile pampu ilipopasuka na lundo la nne likalowa, waliolifungua walilala vizuri. Mvua za Novemba zilipoanza homa ilikatika kama redio iliyoishiwa betri, na mbu ndio kwanza walikuwa wanazaliwa.

Alimpelekea Kalenga.

"Komperi, niambie. Huyu ni mbu gani anayekwenda misa Jumapili na kukimbia mvua?"

Kalenga alifungua kurasa, akafunga, akafungua tena. "Komeri, weye ungekuwa mwanaume ungekuwa waziri," akasema, na akaahidi daktari.

Ahadi aliitimiza. Hilo lazima lisemwe. Aprili ya mwaka uliofuata, bunga ikianza kukauka tena, alikuja Daktari Mwansa, kijana mwembamba mwenye viatu visivyofaa kwa samadi. Alishinda pale asubuhi nzima. Aliwasikiliza migongo, mmoja mmoja, nyuma ya lori. Alikinga bunga kwenye chupa, akaziba kwa plasta. Alimsomesha Victorine daftari ukurasa kwa ukurasa na hakumkatiza hata mara moja.

"Mama, hii sidhani kama iko malaria," alisema mwishowe. "Lakini sitasema kitu kabla ya kupima chupa. Nitaandika karatasi, itapitia kwa delege wenu."

"Na maziwa, docteur?"

Akakuna shingo. "Maziwa inaendaka kwa tumbo, mama. Mapafu hainywaka maziwa."

Wanawake waliangua kicheko, lakini Alhamisi ile wapo waliobeba maziwa yao wakawapa watoto.

Juma moja baadaye Kalenga alipita jikoni. Hakuketi. Daktari anaomba daftari lenyewe, alisema, alinganishe na chupa. Nitampelekea kwa mkono wangu. Victorine akalipangusa jalada kwa kitenge, akampa. Alimpa na samaki wawili, kwa mkewe.

Jumatatu ya tatu tangu siku hiyo, ubao ulikuwa umetundikwa getini. Majina kumi na manane. *Wagonjwa wa kifua kikuu. Wanaachishwa kazi kuanzia leo ili kulinda afya ya wengine.* Karani aliyasoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na kila jina lilipoitwa watu walisogea hatua moja mbali na mwenye jina. Jina la kwanza lilikuwa la Virginie.

La pili, la tatu, la nne. Victorine alisogelea ubao, akayafuata majina kwa kidole. Yalikuwa yakifuatana kama alivyoyaandika, mstari kwa mstari. Na wengine nao walijua, maana alikuwa amewauliza wote, jioni moja moja, ameketi milangoni mwao na kalamu: mama, jana ulitetemeka? Tangu saa ngapi?

Mzee Mukuka, wa kumi na moja, alimjia mpaka usoni.

"Uliandika muzuri, kapita," akasema. "Ya weye tu njo ulisahau." Akatema mate, si juu yake, kando ya mguu wake tu, kwa heshima ya marehemu baba yake.

Ni kweli. Jina lake halikuwamo. Naye alikuwa ametetemeka, mara tisa, kumi. Hakujiandika. Kapita anayetetemeka atamwambia nani ashike uma?

Kifua kikuu. Aliyelitunga neno hilo alijua analofanya. Mtu aliyefukuzwa kwa ugomvi watu humletea unga. Aliyefukuzwa kwa kifua kikuu huwekewa sahani yake, kikombe chake, kigoda chake, na watoto wa jirani huitwa ndani anapopita. Mume wa Virginie alimrudisha kwa mama yao kabla ya wiki kuisha, na mama, macho yakimtoka machozi, alimfungia alama ya uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe ili kisichanganyike na vingine. Victorine alipoleta bakuli la sombe, majani ya muhogo, Virginie aligeukia ukuta.

"Virginie, miye sikuwapa majina."

"Ni mwandiko ya nani?"

Victorine alitua bakuli, akatoka. Akaenda kwa Kalenga.

Huko hakukaribishwa jikoni tena. Palikuwa na saluni, chumba cha wageni, na viti vilivyofunikwa vitambaa, na picha ya Kiongozi ukutani. Mke aliondoka na mtoto bila kuambiwa.

"Situayeni Kunda," alianza Kalenga, kwa neno la Chama la kumwita raia na jina lake la karatasini, kana kwamba walikutana jana.

"Karatasi ya daktari iko wapi?"

"Haikufika. Daktari walimuhamisha Pweto."

"Na daftari yangu?"

"Ofisi ililiomba. Ningefanya nini?" Akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akamwita kama zamani. "Komeri, nilikuokoa. Jina lako halikuwamo na sikuliongeza. Wengine wangeongeza. Sasa sikiliza. Jumamosi ya wiki ijayo komiseri wa serikali anakuja kuona ferme. Funguwa lundo muzuri mbele yake, aone moshi, aone bunga, afurahi. Akifurahi, miye mwenyewe namuombea Virginie arudi. Kwa bustani ya mboga. Kazi ya kukaa."

Alitaka kumkatalia. Kisha akamwona Virginie akitua ndoo. Kazi ya kukaa, mshahara, kikombe bila uzi.

"Unaapa?"

"Kwa kichwa ya mutoto uliyemubeba."

Basi alilitunza lundo lile. Nalo hilo alilikumbuka baadaye, jinsi alivyolitunza. Lilikuwa la saba, la wiki kumi, ambalo ofisi ilikataza lisiguswe na tone la maji ili moshi uwe mwingi. Kila asubuhi alilichoma nondo na kulifunika matete kama mtu anayefunika mtoto.

Jumamosi ilifika na upepo wa kiangazi, ule wa mashariki unaokausha midomo. Viti sitini vilipangwa upande wa magharibi wa lundo, turubai juu. Wachezaji wa Chama, wasichana wenye vitenge vya picha ya Kiongozi, walikuwa tayari na ngoma. Binti wa Kalenga, miaka mitatu na nusu, gauni jipya, alikuwa ameshikishwa maua ya kumpa mgeni.

Kalenga alikuja akitoa jasho. Alitazama viti. Akainama, akachota vumbi kidogo kwa vidole vitatu, akanyoosha mkono na kuliachia. Vumbi likaelekea kwenye viti.

"Hamisheni!" akapiga kelele. "Viti vyote, ngambo ile! Upesi! Wachezaji pia! Na wewe, lete kitambaa chenye maji, mfunike mutoto pua!" Akamnyakua binti yake na kumvusha mwenyewe, mbio, mpaka mashariki ya lundo, upepo ukiwapiga usoni. Upande wa magharibi walibaki wanawake wa Victorine na uma zao. Hakuna aliyewahamisha.

Victorine aliuma mdomo mpaka akaonja chumvi. Miaka miwili wamepasua malundo wakisimama popote, upepo unakotoka hakuna aliyewahi kuuliza. Mtu haogopi upepo kwa kuzaliwa. Lazima kuna mahali aliposoma.

Alimfuata nyuma ya turubai.

"Komperi. Nani alikufundisha kuogopa upepo?"

Kalenga alikuwa akijipangusa shingo. Leso ikasimama.

"Si siku yake, komeri."

"Karatasi ilikuja."

"Si siku yake, nakuambia!" Kisha, kwa kuwa hawakuwa na mtu karibu, au kwa kuwa wale kumi na wanane walimlemea, akasema yote haraka kama anayetapika. "Ilikuja. Ni ukungu, na tududu tunaishi kwa joto ya lundo, jicho haituone. Ukilifungua kavu tunaruka na upepo, tunaingia kwa mapafu, njo homa. Kuloanisha kila lundo, aliandika. Wagonjwa wote kutolewa hapa na kutunzwa, wasiwekwe tena kwa bunga hata siku moja. Ofisi ilisema kama ni hivyo tufunge ferme. Kumi na nane, ao mia moja? Weye ungechagua nini?"

"Ningewauliza hao kumi na nane."

"Kila mara unakuwaka muzuri kwa maneno."

"Na Virginie? Ungemuita arudi huku?"

Kalenga alitia leso mfukoni. Ngoma zililia, magari yakaingia.

Komiseri alikuwa mtu mnene mwenye usingizi. Aliimbiwa. Alipewa maua. Na mtoto, alipokwisha kutoa maua, akageuka, akamwona Victorine amesimama na nondo yake, akapiga mbio kupita viatu vya wakubwa. "Mama Victorine!"

Jina la marufuku, mbele ya komiseri, tena kinywani mwa mtoto wa delege. Wawili watatu waligeuza shingo. Kalenga alikauka kama kigogo. Na Victorine, akiwa amemshika mtoto mabega, alihisi lile jingine limefika ulimini, zima, na herufi zake. Asingehitaji zaidi. Aite tu: Marie-Thérèse, umeletewa nini na baba? Kesho asubuhi abakosi ile ingekuwa inahojiwa mahali ambapo watu hutoka bila viatu.

Mtoto alinukia sabuni. Alikuwa na jino moja lililochongoka, kama la mama yake.

Victorine alilimeza jina. Alimgeuza mtoto, akamsukuma taratibu kwa mama yake, upande wa upepo mzuri.

"Situayeni kapita atuonyeshe!" alisema komiseri.

Aliweka nondo chini. Alikwenda kwenye pipa lililowekwa kwa ajili ya wageni kunawa mikono, akachota ndoo, akapanda lundo na kuimwaga. Akarudi, akachota ya pili. Kwanza walidhani ni sehemu ya onyesho. Kwenye ya tatu wanawake wake walielewa, wakaacha uma, wakafanya mstari. Maji yalishuka lundoni yakinguruma, matope yakatiririka mpaka kwenye viatu vya mstari wa mbele. Uma ulipoingia, hakukuwa na moshi, hakukuwa na bunga. Harufu tu.

"Njo vile lundo inafunguliwaka!" alipaza Victorine kutoka juu. "Kavu inaua! Kuna bantu kumi na nane mulifukuza, haiko kifua kikuu! Daktari aliandika! Karatasi iko kwa—"

Kalenga aliwainulia wapiga ngoma mkono. Ngoma zikapigwa, zote kwa pamoja, na wasichana, kwa mazoea, wakaanza kukata viuno na kumwimbia Kiongozi. Victorine aliendelea kusema. Mdomo wake ulionekana ukifunguka na kufumba.

Walimweka siku mbili kwenye stoo ya uma. Hakuna aliyempiga. Siku ya tatu alipelekwa ofisini kuachishwa kazi, na karani, mvivu aliyeshindwa kutafuta fomu, alimsukumia daftari la kurasa sitini na nne, jalada lilelile.

"Jiandike chini ya benzako, kisha utie sahihi. Ugonjwa uleule."

Aliandika. *19. Kunda Victorine. Ametetemeka mara kumi, labda zaidi.* Karani alikwenda chumba cha pili kutafuta muhuri. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu na meza ilikuwa tupu.

Virginie alikuwa ameketi juani, mgongo ukutani, pumzi zikimpanda na kushuka mabegani. Kando yake palikuwa na kikombe chenye uzi mwekundu. Victorine alimwekea daftari mapajani, akaketi chini, kwenye vumbi. Virginie alisoma kwa kidole, polepole, mtu mmoja baada ya mwingine, na kidole kilipofika kumi na tisa kikatulia.

"Ungejiandika wa kwanza, yaya," alisema.

"Najua."

"Tungekuwa na kapita mgonjwa. Wangeogopa kidogo."

"Najua."

Victorine alichukua kikombe cha uzi mwekundu, akanywa maji yaliyobaki mpaka mwisho. Mama yao, mlangoni, alitoa sauti ndogo. Virginie alimtazama dada yake akinywa. Hakutabasamu. Alisubiri pumzi impe nafasi ya kusema.

"Unakwenda wapi nalo?"

"Kwa Mukuka kwanza. Nimwambie karatasi ya daktari ilisema nini. Kisha wengine, nyumba kwa nyumba. Kisha natafuta lori ya samaki inayorudi Pweto. Huyo daktari iko na mukono, ataandika tena."

"Mukuka atakutemea mate. Leo hatapiga kando."

"Atatema. Nitapangusa, nitasoma."

Virginie alifunga daftari, akampa. Akaujaribu ukuta kwa kiganja, akasimama, akakohoa, akangoja kikohozi kiishe.

"Basi twende polepole," akasema. "Mukuka anakaa upande wa mashariki, upepo utatupiga usoni."